Ini moja, majalada mawili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niongeze jambo kwenye makala uliyoichapisha hivi karibuni kuhusu ugonjwa wa ini lenye mafuta. Mwandishi wa makala hiyo aliandika kwa ufasaha, na aliyoyasema juu ya sukari, kitambi na maisha ya kukaa kitako ni ya kweli. Hata hivyo, aliuweka ugonjwa huo katika fungu la magonjwa yasiyo ya kuambukiza na kuuacha humo, kana kwamba virusi na bakteria ni habari ya wodi nyingine. Mimi nilifanya kazi ya maabara ya hospitali kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na kama kuna jambo ambalo kazi ile ilinionyesha tena na tena, ni kwamba ini haliufahamu mgawanyo huo. Vimelea vya maradhi, na wakati mwingine dawa tunazotumia kuviangamiza, vina mkono katika namna mafuta yanavyojikusanya ndani ya ini na katika kasi ya mafuta hayo kuzaa makovu.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa tukumbushane hesabu yenyewe. Ini huhesabiwa kuwa na mafuta pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapokutwa na matone ya mafuta. Mafuta hayo huingia kutoka kwenye akiba ya mwili na kutoka kwenye chakula, na mengine hutengenezwa na ini lenyewe kwa kutumia sukari iliyozidi. Njia za kutoka ni mbili tu: ama yachomwe ndani ya mitokondria, ambazo ni kama mafiga ya seli, ama yafungashwe pamoja na protini na kusafirishwa kwa damu yakatumike kwingine. Chochote kinachopanua mlango wa kuingilia au kuziba mlango wa kutokea kitaleta mafuta kwenye ini, na ni hapo ambapo maambukizi yanaingia katika habari hii, kwa sababu milango yote hiyo ina kimelea au dawa inayojua kuichezea.

Jina la ugonjwa nalo lilichangia kutupotosha. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walieleza kuhusu maini yaliyojaa mafuta na kuvimba kama ya walevi, ilhali wenyewe hawakuwa wanywaji, na tangu hapo ugonjwa ukaitwa kwa jina la kukanusha: usiotokana na pombe. Ikazoeleka kwamba mtu haandikwi kuwa nao mpaka pombe iondolewe kwenye orodha ya washukiwa, na homa ya ini ya virusi iondolewe pia. Kwa mtafiti utaratibu huo ulikuwa na maana, kwani alitaka kuchunguza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa mgonjwa ulikuwa na madhara, kwa sababu ulimzoeza daktari kuamini kwamba akishamkamata kirusi amemaliza kazi, hana haja ya kutafuta mafuta. Mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini vilibadili jina, vikaufungamanisha ugonjwa na unene, sukari, shinikizo la damu na mafuta ya kwenye damu, na kuacha ule mtindo wa kuutambua kwa kuondoa mengine kwanza. Mazoea ya kliniki, kwa nionavyo, hayajabadilika pamoja na jina.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni homa ya ini aina ya C. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1989, na wanasayansi watatu waliochangia ugunduzi huo, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kirusi hiki huyatumia mafuta kama fundi anavyoitumia meza yake ya kazi. Protini ya kiini chake hujibandika juu ya matone ya mafuta ndani ya seli za ini, hapo ndipo virusi vipya vinapoundwa, na vinapotoka huwa vimejivika zile zile chembe zinazobeba mafuta kwenye damu. Wenye jenotaipu ya 3 ya kirusi hiki, yaani mojawapo ya aina zake zinazotofautishwa kwa vinasaba, wanaweza kupata mafuta kwenye ini hata wakiwa wembamba na bila kisukari, kwa kuwa kirusi hukikwamisha kimeng'enya kinachoyafungasha mafuta kwa safari ya kutoka. Na kadiri virusi vinavyokuwa vingi kwenye damu, ndivyo mafuta yanavyozidi. Kwa wenye jenotaipu ya 1 mambo ni tofauti kidogo. Kwao mafuta huandamana zaidi na uzito na hali ya mwili kuikaidi insulini, homoni inayoidhibiti sukari, hali ambayo kirusi chenyewe huichochea.

Ushahidi kwamba katika jenotaipu ya 3 kirusi ndicho mkosaji ni kwamba mtu akitibiwa akapona, mafuta hupungua au hutoweka hata kama uzito wake haujabadilika. Dawa za kumeza za siku hizi, kwa matibabu ya kawaida ya wiki 8 hadi 12, huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, jambo ambalo sisi tulioanza kazi enzi za sindano za intaferoni, zilizowaletea watu homa na majonzi kwa miezi 6 hadi mwaka mzima na bado wengi wasipone, tungelisikia tungedhani ni mzaha. Ni hapa ambapo ningependa msomaji atulie kidogo. Mgonjwa akishaambiwa amepona, jalada lake hufungwa na yeye huaga. Lakini kolesteroli, ambayo kirusi kilikuwa kimeishusha, mara nyingi hupanda baada ya kupona. Aliyekuwa na mafuta yaliyotokana na uzito na sukari hubaki nayo yote. Makovu yaliyokwisha kujijenga yanaweza kuendelea kukua kwa kuchochewa na mafuta ingawa kirusi hakipo tena, na mwenye ini lililokwisha kusinyaa kwa makovu anahitaji kuchunguzwa saratani kwa altrasaundi kila baada ya miezi 6, akiwa amepona au hajapona. Nimetia saini karatasi nyingi zenye maneno "kirusi hakikuonekana", na nakiri kwamba kwa miaka mingi sikuwaza kwamba karatasi ile haikusema lolote juu ya ini lenyewe.

Homa ya ini aina ya B ni kitendawili cha namna nyingine. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu milioni 254 walikuwa wakiishi na kirusi cha B mwaka 2022, na milioni 50 na kirusi cha C. Kwa idadi kubwa kiasi hicho, na kwa jinsi mafuta ya ini yalivyoenea miongoni mwa watu wazima duniani, lazima magonjwa haya yakutane katika miili ile ile. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Ndani ya ini hawa wawili hukaa pamoja kwa miaka mingi, na la kushangaza ni kwamba mmoja huonekana kumdhoofisha mwenzake. Tafiti nyingi, hasa za Asia, zimeonyesha kwamba wenye kirusi cha B na mafuta kwa pamoja huelekea kuwa na virusi vichache zaidi kwenye damu kuliko wasio na mafuta, na kwamba ile protini ya ganda la kirusi ambayo maabara huitumia kuutambua ugonjwa hutoweka kwao mara nyingi zaidi. Msomaji asifurahi mapema. Kupungua kwa virusi hakulikingi ini na makovu yanayoletwa na mafuta, na mwenye kirusi cha B ambaye pia ana kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya ini kuliko mwenye kirusi peke yake.

Niruhusu nieleze kisa kimoja. Katika hospitali moja niliyowahi kuifanyia kazi, kliniki ya homa ya ini ilileta damu za wagonjwa wake asubuhi na kliniki ya kisukari ikaleta za kwake mchana, kila moja ikiwa na majalada yake na namba zake za usajili. Siku moja niligundua kwa bahati tu kwamba sampuli mbili zilizofika kwa saa tofauti zilikuwa za mtu mmoja. Zote ziliombewa kipimo cha ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia, na katika zote kimeng'enya kilikuwa juu. Nilipofuatilia, nikakuta kliniki ya kwanza imeandika kwamba huenda dawa ya virusi haifanyi kazi, na ya pili imeandika kwamba ini lina mafuta, mgonjwa apunguze uzito. Kila upande ulikuwa na maelezo yaliyotosha kulijibu swali lake, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuuliza mwenzake. Na majibu ya wingi wa virusi yalikuwa yamelala kwenye daftari letu wiki tatu bila mtu kuja kuyachukua, yakionyesha kwamba dawa ilikuwa imevikandamiza virusi kabisa. Sehemu ya lawama ile ilikuwa yetu sisi wa maabara, na siikwepi. Karibu mgonjwa yule abadilishiwe dawa iliyokuwa ikifanya kazi yake vizuri.

Utaratibu uliopaswa kufuatwa si mgumu. Mgonjwa wa kirusi cha B anapokuwa kwenye dawa, virusi havionekani na ALT bado iko juu, mafuta ni miongoni mwa mambo ya kwanza ya kutafuta, pamoja na pombe na dawa nyingine anazozitumia. Kwa upande wa pili, mtu aliyekutwa na mafuta kwa altrasaundi anastahili kupimwa virusi vya B na C hata kama ni mnene kiasi kwamba chanzo kinaonekana dhahiri, kwa sababu unene haujawahi kumzuia kirusi kuingia. Niongeze pia kwamba ALT iliyo katika kiwango cha kawaida haimaanishi ini halina mafuta wala makovu; wengi wenye ugonjwa huu wana ALT ambayo maabara ingeipitisha bila kuiwekea alama.

Kwa upande wa Virusi vya Ukimwi habari ni ndefu, nayo ina uchungu wake, kwa kuwa sehemu ya mafuta tuliyaleta sisi wenyewe kwa dawa. Stavudini na didanosini, na kwa kiasi fulani zidovudini, ziliokoa maisha ya watu wengi mno wakati ambapo hapakuwa na kitu kingine, lakini zilikuwa zikikizuia kimeng'enya ambacho mitokondria hukitumia kunakili vinasaba vyake. Mafiga yakapoa. Mafuta yasiyochomwa yakarundikana ndani ya ini, huku yale ya mashavuni, mikononi na miguuni yakiyeyuka mpaka mgonjwa akatambulika mtaani kwa sura yake, na wachache wakapatwa na hali ya asidi ya laktiki kuzidi kwenye damu, ambayo iliua upesi. Novemba 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiache stavudini hatua kwa hatua. Waliozitumia dawa zile kwa miaka mingi wangali nasi, na maini yao yanabeba historia ambayo majalada mapya, yaliyofunguliwa baada ya mfumo kubadilishwa, mara nyingi hayana.

Dawa za sasa ni salama zaidi kwa mbali. Pamoja na hayo, mwaka 2019 majaribio mawili, moja la Afrika Kusini na jingine la Kameruni, yalionyesha kwamba waliopewa dolutegraviri, mojawapo ya dawa hizo za sasa, waliongezeka uzito kuliko waliopewa efavirenzi ya zamani, na katika lile la Afrika Kusini ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake na pale dawa hiyo ilipoambatanishwa na dawa nyingine iitwayo tenofoviri alafenamidi. Sehemu ya ongezeko hilo ni mwili uliodhoofika kurudi katika hali yake; sehemu nyingine wataalamu wangali wanabishania chanzo chake. Nasema haya kwa tahadhari kubwa, na ningemwomba kila msomaji anayetumia dawa hizi asiziache hata siku moja kwa hofu ya kitambi. Virusi vya Ukimwi visivyotibiwa vina njia yao ya kuliumiza ini. Mapema sana baada ya maambukizi huziangamiza seli za kinga za CD4 zilizo katika ukuta wa utumbo, ukuta ukabaki kama wavu uliochanika, na mabaki ya bakteria yakapenya kwenye damu.

Damu ya utumbo hairudi moyoni moja kwa moja. Hupitia kwanza kwenye ini, ambalo limekaa pale kama ofisi ya forodha, likikagua kila kinachotoka tumboni. Bakteria wa utumbo wakiwa wengi kupita kiasi, au ukuta ukiwa umelegea kwa maambukizi, kwa unene au kwa pombe, vipande vya maganda yao huja kwa wingi na kuziamsha seli za Kupffer, ambazo ndizo askari wakazi wa ini. Askari hao huachia kemikali za kuita msaada, kemikali hizo huifanya insulini ishindwe kazi na kuziamsha seli zinazofuma kovu, na hivyo ini lililokuwa na mafuta tu, hali ambayo mtu anaweza kuishi nayo kwa miaka bila madhara makubwa, likageuka kuwa ini lililovimba na lenye makovu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya habari hii ambayo umma haujaisikia vya kutosha.

Mwaka 2019 watafiti wa China walitangaza habari ya mgonjwa mwenye ini lenye mafuta na uvimbe ambaye alikuwa akilewa bila kunywa, kwa sababu utumboni mwake kulikuwa na bakteria aina ya Klebsiella pneumoniae waliokuwa wakigeuza sukari kuwa pombe. Walipowachunguza wagonjwa wengine wa ini lenye mafuta, waliwakuta bakteria wa namna hiyo kwa takriban asilimia 60 ya kundi lao, na panya waliopandikiziwa bakteria hao walipata mafuta kwenye ini. Ni kundi moja la watu katika nchi moja, na singependa mtu aondoke akidhani kwamba antibayotiki ni tiba ya mafuta ya ini. Hata hivyo, baada ya kusoma habari ile sikuweza tena kulitazama lile jina la zamani la kukanusha pombe bila kutabasamu. Kuhusu Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo ambaye baadhi ya waandishi humhusisha na mafuta ya ini, ushahidi ninaoujua unagongana, na kumtibu hakujaonyesha waziwazi kwamba kunayapunguza mafuta. Huyo nisingemtia hatiani.

Yapo pia maambukizi ya ghafla yanayolijaza ini mafuta kwa siku chache, ingawa huo si ugonjwa ule ule unaozungumzwa na makala yako. Homa ya manjano hufanya hivyo. Mwaka 1963 Douglas Reye wa Australia alieleza kuhusu watoto waliopata mafua au maradhi mengine ya virusi, wakaonekana kupata nafuu, kisha wakaanza kutapika na kupoteza fahamu. Maini yao yalikutwa yamejaa vitone vidogo vya mafuta na ubongo umevimba. Baadaye ilidhihirika kwamba wengi wa watoto wa namna hiyo walikuwa wamepewa aspirini wakiwa na mafua makali au tetekuwanga, na tangu maonyo yalipotolewa katika miaka ya 1980 ugonjwa huo umekuwa adimu sana. Mtoto mwenye utapiamlo wa kwashakoo naye ana ini lililojaa mafuta ilhali mwili umekwisha, na mara nyingi kinachomsukuma kutoka kwenye njaa ya kuvumilika hadi kwenye hali hiyo ni surua au kuhara. Ninamtaja mtoto huyo kwa sababu makala yako iliambatana na picha ya mtu mnene, na picha hukaa kichwani kuliko maneno.

Uhusiano huu una upande wa pili, yaani ini lenye mafuta kuyafungulia mlango maambukizi. Mwenye ini lililokwisha kusinyaa hushambuliwa na bakteria kwa urahisi, na maambukizi hayo ni miongoni mwa mambo yanayomfikisha kitandani na kumuua. Homa ya ini aina ya A, ambayo kwa kijana mwenye afya hupita kama homa nyingine, inaweza kulimaliza ini ambalo tayari ni gonjwa, na ndiyo maana watu hawa hushauriwa kupata chanjo za A na B. Chanjo ya B yenyewe huitikiwa kidogo zaidi na miili minene, kwa hiyo inafaa kupima kingamwili mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho na kuhakikisha zimefika angalau 10 mIU/mL. Wakati wa Kovid-19 ilisemwa sana kwamba wenye mafuta kwenye ini waliugua vibaya zaidi. Nakubali kwamba waliugua vibaya, ila kwa kuwa wengi wao walikuwa pia wanene na wenye kisukari, sijaridhika kwamba ini ndilo lililobeba kosa hilo.

Kifua kikuu kinastahili aya yake. Dawa zake za isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuliumiza ini, na kisukari, ambacho ni ndugu wa karibu wa mafuta ya ini, huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu. Kwa kawaida dawa husimamishwa pale ALT inapofika mara 3 ya kikomo cha juu cha kiwango cha kawaida ikiwa mgonjwa ana dalili, au mara 5 hata bila dalili. Sasa mfikirie mgonjwa aliyeanza matibabu ALT yake ikiwa tayari mara 2 kwa sababu ya mafuta ambayo hakuna aliyeyajua. Kupanda kidogo tu kutamfikisha kwenye mstari wa kusimamishiwa dawa, na dawa za kifua kikuu zikikatizwa ovyo huzaa usugu. Kipimo kimoja kabla ya kidonge cha kwanza, kikihifadhiwa kwenye jalada, kingemwonyesha daktari alikoanzia. Nilikuwa nikishangaa ni mara ngapi kipimo hicho kililetwa kwetu baada ya macho ya mgonjwa kuwa ya njano.

Watu husema kwamba kutafuta makovu ya ini kunahitaji mashine za bei kubwa. Kwa hatua ya kwanza si kweli. Ipo hesabu iitwayo FIB-4, inayotumia umri wa mgonjwa, vimeng'enya vya AST na ALT na idadi ya chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, vitu ambavyo maabara nyingi za hospitali huvipima kila siku. Matokeo yakiwa chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, na kwa aliyevuka miaka 65 hutumiwa kikomo cha 2.0. Leo hesabu hii ndiyo inayopendekezwa kuanza nayo kwa mtu mwenye mafuta ya ini, lakini ilipobuniwa mwaka 2006 ilitokana na wagonjwa waliokuwa na Virusi vya Ukimwi pamoja na homa ya ini aina ya C. Chombo tunachokitumia kwa ugonjwa unaoitwa usio wa kuambukiza tulikipata kutoka kwa watu wenye maambukizi mawili, na bado tunaendelea kuyatenga majalada yao. Tahadhari moja ya kimaabara: malaria kali hushusha chembe sahani, na kichocho cha muda mrefu kilicholivimbisha bandama hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo FIB-4 iliyopimwa wakati huo itapanda bila makovu ya mafuta kuwapo. Mgonjwa wa malaria atibiwe kwanza, kipimo kirudiwe akishapona.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninachokiomba kwa wenye mamlaka ya kliniki hizi ni kidogo. Kliniki za Virusi vya Ukimwi, za homa ya ini na za kifua kikuu tayari zinawaona watu hawa kila baada ya miezi michache na kuwachukua damu. Wapime na uzito na sukari, waihesabu FIB-4, na wayaandike majibu mahali ambapo kliniki ya kisukari inaweza kuyaona. Kliniki za kisukari nazo zipime B na C angalau mara moja kwa kila mgonjwa. Fomu ya kuombea vipimo vya maabara huwa na nafasi ndogo, mistari miwili au mitatu, ya kuandika maradhi mengine ya mgonjwa na dawa anazozitumia. Katika fomu nyingi nilizozipokea kwa miaka yote ile, nafasi hiyo ilikuja tupu.

Wako,
Mteknolojia mstaafu wa maabara